STESHENWAGONI SI GARI LA MAITI

Ndugu msomaji, majuzi bwenini kulizuka ubishi ambao nusura uniponze nipewe adhabu ya kufyeka nyasi. Swali lenyewe lilikuwa jepesi: ukimaliza shule, ukasoma, ukapata kazi yenye mshahara mnono, utanunua gari gani? Mmoja akasema Prado. Wa pili akasema Prado vilevile, ila yake nyeusi. Wa tatu, ambaye kwao hata baiskeli hawana (naye anajua namtania), akaapa kwamba hapandi chochote kisicho V8. Zamu yangu ilipofika nikasema mimi nataka Mercedes-Benz steshenwagoni, ya zamani, ya dizeli. Wee! Bweni zima liliangua kicheko. "Huyu anataka gari la kubeba maiti!" "Anataka Probox ya Wajerumani!" Kiranja akaja, taa zikazimwa, nami nikalala na hoja zangu kifuani. Maadamu wahariri wa jarida letu wamenipa kurasa, nitazitoa hapa, na hakuna atakayenizimia taa.

Kwanza tuelewane kuhusu majina. Gari la kawaida la milango minne lenye buti nyuma huitwa saluni, wala simaanishi ile ya kusuka nywele. Steshenwagoni ni ndugu yake ambaye paa lake halikukatizwa njiani. Paa hilo huendelea moja kwa moja hadi mwisho wa gari, na nyuma kuna mlango wa tano unaofunguka kwenda juu. Sisi Wakenya si wageni wa magari haya. Wazee wetu walisafiria Peugeot 504, ambayo wao waliita Pijo, na si mmoja wala wawili waliovuka nusu ya nchi wakiwa wamebanwa katika safu ya tatu ya viti vyake. Steshenwagoni ya 504 ilitoka mwaka 1971. Umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ulizidishwa sentimita 16 kuliko wa saluni, na nyuma ikawekewa springi nne badala ya mbili, ndiposa ikastahimili mizigo ile. Siku hizi kazi hiyo inafanywa na Probox, ambayo Toyota waliitoa mwaka 2002, na sina haja ya kumweleza Mkenya Probox hubeba nini na mara ngapi zaidi ya uwezo wake.

Lakini Pijo na Probox ni magari ya kazi, yalizaliwa yakijua yatateseka. Ninayoitetea mimi ni steshenwagoni ya kitajiri. Nasema kitajiri kwa kiasi, maana si ile ya marais na mabalozi, ni ile iliyo ngazi moja chini yao. Na hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa. Wanauliza, kama una pesa za anasa, kwa nini ununue gari lenye umbo la kubebea viazi?

Baada ya uhuru watu wa Afrika Mashariki walibuni neno Wabenzi, yaani kabila jipya lisilo na mila wala wilaya, linalotambulika kwa nyota iliyosimama juu ya boneti. Mbenzi halisi haendeshi. Yeye huketi kiti cha nyuma akisoma gazeti, na nyuma yake kuna buti lililofungwa ambalo ndani yake pengine hamna kitu isipokuwa spea na koti. Ukimpa mtu kama huyo steshenwagoni ataona umemtusi. Gari lenye nafasi nyuma humwalika kila jirani aulize, "Bwana, unapita sokoni?" Na Mbenzi hataki kuulizwa.

Hata Wajerumani wenyewe walisitasita. Kwa miaka mingi aliyetaka Mercedes yenye paa refu ilibidi aende kwa mafundi wa nje wa kuunda bodi, na kazi kubwa ya mafundi hao ilikuwa ambulensi na, nakiri kwa moyo mkunjufu, magari ya mazishi. Kwa hivyo aliyenicheka bwenini hakukosea sana, alichelewa tu. Mnamo mwaka 1977, katika maonyesho ya magari mjini Frankfurt, kampuni ilionyesha steshenwagoni yake yenyewe, ambayo ikaanza kuundwa katika kiwanda cha Bremen mwaka uliofuata. Waliipa herufi T, inayosimamia maneno mawili ya Kijerumani yenye maana ya utalii na uchukuzi. Ya pili kuzaliwa, na ndiyo hasa ninayoizungumzia, ilionyeshwa mwaka 1985. Kiwandani huitwa S124. Saluni yake ni W124, ile ambayo mafundi wetu wanaijua kama viganja vyao. Iliendelea kuundwa hadi mwaka 1996, na idadi yake ikapita laki tatu. Jina la E-Class ambalo watu hulitaja leo lilianza kutumika katika mwaka 1993 tu, gari lenyewe likiwa limeshazeeka.

Sasa tuingie katika vyuma, maana wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa.

Urefu wake ni mita 4.765. Viti vya nyuma vikiwa vimesimama, sehemu ya mizigo ina nafasi ya lita 530. Ukivikunja, inakuwa lita 1770. Ili usidhani natupa nambari ovyo, chukua yale madebe ya lita 20 tunayochotea maji zamu ya jikoni: ni madebe 88 na ushei, kama yangepangwa bila nafasi ya hewa kati yao. Aliyetaka angeweza kuagiza kiti kidogo cha ziada humo nyuma, cha watoto wawili wanaotazama walikotoka. (Mimi nimekikalia. Unapunga mkono kwa madereva wa malori, na wengine hukujibu.) Kioo cha mbele kina waipa moja tu, lakini usiicheke. Kadiri inavyozunguka hujirefusha ili ifike kwenye pembe, kisha ikajirudi, na hivyo hupangusa asilimia 86 ya kioo. Magurudumu ya nyuma kila moja limeshikwa na vyuma vitano badala ya kufungwa pamoja kwenye ekseli moja nzito, kwa hivyo gurudumu la kushoto likiingia shimoni la kulia halipati habari.

Yote hayo ni mazuri, ila sikuyataja bwenini. Kilichonifanya niipende gari hii kiko chini ya sakafu ya nyuma, na watu wengi waliolipanda hawajui kama kipo.

Ndugu msomaji, umewahi kuona gari lililopakiwa mno likija usiku? Mgongo umeinama, pua imeelekea mbinguni, na taa zake badala ya kumulika barabara zinakumulika wewe machoni. Dereva wake haoni mbele, nawe huoni chochote. Wakaao kando ya barabara kuu ya Mombasa wanaelewa ninachosema. Tatizo hili ni la kila steshenwagoni, kwa sababu mzigo wote hukaa nyuma. Ukiweka springi laini, gari tupu hupendeza lakini likipakiwa huchuchumaa. Ukiweka springi ngumu, hubeba mzigo vizuri, lakini likiwa tupu hukurusha kama punda aliyechokozwa. Wenye Pijo walichagua ugumu. Wenye Probox huongezea vyuma juu ya springi na kumwachia Mungu yaliyobaki.

Wajerumani hawa walikataa kuchagua. Waliweka springi za kawaida, halafu mahali pa shokabsoba za nyuma wakaweka mitungi inayotumia mafuta ya haidroliki. Kila mtungi umeunganishwa kwa paipu na chuma cha duara, kama mpira mdogo. Ndani ya duara hilo kuna utando wa mpira; upande mmoja ni mafuta, upande wa pili ni gesi ya naitrojeni iliyoshindiliwa. Gurudumu likipanda tuta, mafuta husukumwa ndani ya duara, gesi ikabanwa, kisha ikayarudisha. Gesi ndiyo inayokupa ule ulaini. Tena kuna vali moja iliyofungwa kwa kijiti kwenye chuma cha ekseli. Ukipakia mzigo na mgongo ukainama, kijiti huisogeza vali, na pampu inayozungushwa na injini hupeleka mafuta zaidi nyuma mpaka gari lisimame sawasawa. Ukishusha mzigo, mafuta hurudi kwenye tangi lake dogo lililo chini ya boneti. Hakuna kompyuta, hakuna kitufe. Unapakia injini ikiwa imezimwa, gari linazama. Unawasha, linanyanyuka nyuma polepole kama ngamia anayeamka. Mara ya kwanza kuona jambo hilo nilidhani jeki imesahaulika chini yake.

Simaanishi walibuni wazo hili. Citroën walikuwa wakibeba magari kwa mafuta na gesi tangu DS ya mwaka 1955. Wajerumani walilichukua wazo hilo na kulipa kazi moja tu, ya kuweka mgongo sawa, wakaliweka kwenye kila gari la T bila malipo ya ziada.

Naona sasa niseme nimeyajulia wapi haya, maana mwalimu mlezi wetu wa chama amenionya kuwa hoja bila ushahidi ni domo.

Mjomba wangu ana gari hili, aina ya 250TD. Alilinunua kutoka kwa mgeni aliyekuwa akirudi kwao. Injini yake ni dizeli ya silinda tano, sentimita za ujazo 2497, nguvu za farasi 90 tu, na gari lina uzito wa tani moja na nusu hivi. Hesabu mwenyewe. Kupanda kutoka Mwatate kwenda Wundanyi hupitwa na kila mtu, na mjomba hupisha kwa adabu. Binamu zangu walikuwa wamemwandama kwa muda mrefu aliuze. "Baba, unatuaibisha. Watu wanadhani tunafanya biashara ya mazishi." Naye huwajibu, "Anayeona aibu apande matatu."

Mwaka 2023 nyanya yangu alianguka nyumbani kwake, huko milimani juu ya Wundanyi, akavunjika nyonga. Asiyewahi kumwona mtu aliyevunjika nyonga asidhani ni jambo la kusaidiwa kutembea. Huwezi kumketisha. Kiti cha matatu hakifai, cha Prado hakifai, cha V8 hakifai. Mjomba alikunja viti, tukatandika godoro, wanaume wanne wakamteleza ndani akiwa amelala juu ya shuka, bila kumnyanyua sana, kwa maana sakafu ya gari lile iko chini na haina kizingiti. Mama akachutama kando yake. Najua mwalimu wa usalama barabarani atauliza habari za mikanda. Hakukuwa na mkanda; kulikuwa na mama. Tuliteremka zile kona zote tukiwa watu watano na mgonjwa, na alifika.

Ila alifika akilia. Kila shimo alipiga yowe, na mwisho akasema, "Mwanangu, hili gari lako linanipiga." Mjomba hakujibu kitu. Baada ya upasuaji ilikuwa lazima arudishwe kliniki mara kwa mara kwa miezi kadhaa, na kila safari ilikuwa vilevile. Gari halikuinama, taa zilimulika barabara kama ipasavyo, lakini nyuma liliruka kama kitanda cha springi kilichochakaa. Binamu wakapata la kusema. Si unaona? Liuze, tununue gari la maana kabla mama hajavunjika tena.

Fundi mmoja mjini, ambaye sitamtaja, alilitazama akatoa hukumu upesi: mambo ya mafuta yaondolewe yote, ziwekwe springi za pikapu na shokabsoba za kawaida, "usumbufu uishe." Ni kazi ya kutwa moja na bei yake ni ndogo. Magari mengi ya aina hii hapa nchini yamefanyiwa hivyo, ndiyo maana wengi huamini kuwa Benzi ya steshenwagoni ni ngumu kama mkokoteni. Si ngumu, imefanywa ngumu. Mwingine alishauri liongezwe mafuta, na alikuwa ameshika chupa ya mafuta ya breki. Hayo yangeozesha kila mpira uliomo ndani ya mfumo.

Mjomba ni mwalimu mstaafu wa fizikia, si makanika, lakini alifanya walichokosa kufanya wale wawili: aliketi akafikiri. Kama mgongo unanyanyuka, pampu ni nzima na vali ni nzima. Kilichokosekana ni ulaini, na ulaini ni gesi. Basi gesi imetoka. Utando wa mpira ndani ya maduara ukishapasuka au gesi ikishavuja, mafuta hujaza nafasi yote, na mafuta hayabanwi. Kidato cha pili tulifundishwa hivyohivyo, kioevu hakibanwi, nasi tukaandika daftarini tukasahau. Maduara mawili mapya yaliagizwa kutoka ng'ambo kwa bei inayokaribia ya ndama. Binamu walinuna wiki mbili. Nilishika tochi siku yalipofungwa, na kazi ilichukua muda mfupi kuliko kukoroga ugali wa shule nzima.

Safari iliyofuata nyanya alikuwa kimya tangu nyumbani hadi karibu na Mwatate. Mama akaogopa, akamgusa. Nyanya akafungua macho akauliza, "Kwani hii barabara wameitengeneza lini?"

Hawakuwa wameitengeneza. Wala bado.

Sasa nirudi kwa wenye Prado, nisije nikaambiwa nimekwepa. Nakubali kuwa masika yakishika, njia ya murramu inayofika kwa nyanya hugeuka tope, na hapo gari la mjomba hulala tumbo wakati Prado inapita ikirusha matope. Hiyo ni haki yake. Lakini niambie, wangapi kati ya wenye Prado za Nairobi wamewahi kukanyaga tope refu kuliko la kuoshea gari? Gari refu kwenda juu huyumba kwenye kona, hula mafuta ya bure kusukuma upepo, na mzigo wake unauinua hadi kifuani. Na yule rafiki yangu wa V8 afahamu kwamba Land Cruiser iliyotoka mwaka 2021 ilikuja na injini za silinda sita. Atabaki na herufi bila nambari.

Tena msidhani steshenwagoni ni ya wazee waoga. Mwaka 1994 Volvo waliingiza 850 ya paa refu katika mashindano ya magari ya Uingereza, ya kukimbia kwenye saketi, katikati ya saluni. Watu walicheka kama mlivyocheka ninyi. Haikushinda ubingwa, lakini ilikimbia msimu mzima, na picha zake watu wanazitafuta mpaka leo.

Wala sifichi kasoro za kipenzi changu. Zile za petroli za miaka ya mwisho, kuanzia 1993 hivi, ziliwekewa nyaya za umeme zenye ngozi inayochakaa kwa joto ikabanduka kama ganda la kitunguu, kisha gari likaanza vituko visivyoelezeka. Ukikutana na E220 ya steshenwagoni kwa bei ya chini ajabu, uliza kwanza kama nyaya zilibadilishwa. Kutu nayo huzipenda hizo za mwisho kuliko za mwanzo. Vipuri ni haba na mafundi wanaozielewa wanazeeka. Na kwa kuwa sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane, zilizopo nchini ndizo hizohizo. Kila moja inayong'olewa mfumo wake wa nyuma hairudi kuwa ilivyokuwa.

Mpya bado zinaundwa. E-Class ya steshenwagoni iliyotoka mwaka 2023 ina nafasi ya lita 615 hadi 1830. Miaka 38 baadaye, na vioo vya kompyuta kila mahali, wameongeza madebe matatu.

Nyanya sasa anatembea kwa mkongojo na amekataa katakata kupanda gari jingine lolote, jambo ambalo limefunga mjadala wa kuuza. Binamu mmoja ameanza kuliosha Jumamosi bila kuambiwa. Mimi nimeahidiwa kufundishwa kuliendesha nikifika umri wa leseni, na mjomba amesema somo la kwanza litakuwa kulala chini yake na kumtajia kila paipu inakokwenda. Anayebisha tukutane kwenye mdahalo wa chama, Ijumaa baada ya chajio, katika ukumbi wa maakuli. Wale wa V8 waje mapema, viti ni vichache.